Usiharakishe Kuifuta Ile O

Iambie programu yoyote ya aljebra ikupanulie sin x karibu na sifuri, yaani iiandike kama jumla ya vipeo vya x (jumla hiyo ndiyo mfululizo). Itakujibu hivi, au kwa sura inayokaribiana na hii:

x − x³/6 + x⁵/120 + O(x⁶)

Macho ya wengi husoma vipande vitatu vya mwanzo na kukiruka cha nne. Hicho cha nne hakina namba ya kushika, hakichoreki kwenye grafu, na ukitaka kuweka x = 0.3 ndicho kinachokuzuia kupata thamani. Ndiyo maana watu wengi, jibu likishatokea tu, hukimbilia kukiondoa. Kila programu ina amri yake: SymPy ina removeO(), Mathematica ina Normal, Maple inageuza jibu kuwa polinomia kwa convert, Maxima ina ratdisrep. Amri zote hizo ni halali na zina mahali pake. Ila katika majibu mabovu ya mifululizo niliyopata kuyakagua, kuna chanzo kimoja kinachojirudia kuliko vingine vyote: O iliondolewa mapema mno, na hesabu ikaendelea kana kwamba hakuna kilichokatwa. Naandika kuitetea hiyo O, kwa sababu naamini ndiyo sehemu ya jibu yenye habari nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Alama yenyewe ni ya zamani. Paul Bachmann aliitumia kwenye kitabu chake cha nadharia ya namba mwaka 1894, na Edmund Landau akaieneza. Kwenye vitabu vya hisabati ni dai la ukubwa: kilichobaki hakizidi kizidisho fulani cha x⁶ pale x inapokaribia sifuri. Ndani ya programu, maana inayofanya kazi kila siku ni nyepesi zaidi. Inasema tu: kuanzia kipeo cha 6 kwenda juu, sijakokotoa. Haikuahidi kwamba kilichobaki ni kidogo pale unapotaka kukitumia. Haikutajii kosa ni kiasi gani. Haisemi hata kwamba kizigeu cha x⁶, yaani namba inayoizidisha, kipo. Kwa sin x kizigeu hicho ni sifuri, lakini uliomba ishie kabla ya x⁶ na ndipo ilipoishia.

Ukiikubali maana hiyo, kanuni za hesabu zake zinajileta zenyewe. Toa x + O(x²) kutoka kwa x + O(x²) na hupati sifuri. Unapata O(x²), kwa sababu mambo mawili usiyoyajua hayalazimiki kuwa sawa. Zidisha x + O(x³) kwa 1 + x + O(x²) na utapata x + x² + O(x³): ile x ya mwanzo imeusogeza mpaka wa mabano ya pili kutoka x² hadi x³. Gawanya kwa x, na mpaka unarudi nyuma kipeo kimoja. Programu inayafuatilia haya yote bila kuchoka, mradi usiinyang'anye O katikati ya safari.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni huu. Tuseme unatafuta kikomo, yaani thamani inayokaribiwa, cha

(tan(sin x) − sin(tan x)) / x⁷

x inapokwenda sifuri. Unapanua kila kimoja peke yake, ukiishia kabla ya x⁶:

tan(sin x) = x + x³/6 − x⁵/40 + O(x⁶)
sin(tan x) = x + x³/6 − x⁵/40 + O(x⁶)

Mistari miwili, inafanana herufi kwa herufi. Aliyefuta O anatoa kimoja kutoka kwa kingine, anapata sifuri, anagawanya kwa x⁷, na anatangaza kwamba kikomo ni sifuri. Kila hatua yake inaonekana safi. Hakuna onyo lililotokea kwenye skrini, hakuna mstari mwekundu. Aliyeiacha O anapata O(x⁶) juu, x⁷ chini, yaani O(1/x), na hapo programu inamwambia wazi kwamba kwa kiasi hiki cha kazi haijui hata kama kikomo kipo. Jibu hilo halipendezi, lakini ni la kweli, na linakwambia la kufanya: omba vipande zaidi. Ukiomba hadi kabla ya x⁸, tan(sin x) inaongeza −107x⁷/5040 na sin(tan x) inaongeza −55x⁷/1008. Ya pili ni sawa na −275/5040, kwa hiyo tofauti ni 168/5040, ambayo ni 1/30. Hicho ndicho kikomo.

Kuna atakayesema basi tusihangaike na mifululizo, tuweke x = 0.001 kwenye kikokotoo tuone. Jaribu. Desimali za kawaida za kompyuta zina takriban tarakimu 16 zenye maana, na karibu na 0.001 hatua kati ya namba moja na inayofuata ni kama 2.2 × 10⁻¹⁹. Tofauti unayoitafuta ni 3.3 × 10⁻²³, ndogo zaidi ya mara elfu sita kuliko hatua hiyo. Kutoa kutakupa sifuri kamili, au hatua moja mbili za takataka; na ukishagawanya kwa 10⁻²¹ unaona 0, au namba kama 217, au −217. Jibu la kweli, 0.0333…, halimo kabisa kwenye orodha ya majibu yanayoweza kutoka. Hapa mfululizo si pambo la wanahisabati. Ndio njia inayofika, maana unafuta vinavyofutana kwa namba wiano (sehemu kamili kama 1/30) kabla desimali hazijaingia.

(Mwanahisabati Vladimir Arnold alikuwa na swali la ukoo huu huu: sin(tan x) − tan(sin x) igawanywe kwa arcsin(arctan x) − arctan(arcsin x). Alidai watu wa enzi za Newton wangelijibu kwa dakika chache kwa kuangalia tu jiometri yake. Kikomo ni 1, na programu inakipata pia, mradi umeomba vipande vya kutosha kuvuka x⁷ juu na chini.)

Sasa, "kuomba vipande vya kutosha" kunategemea unaongea na nani. Ukiandika 6 kwenye SymPy, maana yake ishia kabla ya x⁶. Ukiandika 6 kwenye Series ya Mathematica, au kwenye taylor ya Maxima, maana yake x⁶ imo na mpaka unaanzia x⁷. Maxima haiandiki O kabisa. Inaweka alama /T/ mbele ya mstari na nukta tatu mwishoni, na mgeni anaweza kudhani nukta hizo ni mapambo. Kwenye Maple, namba unayotoa ni kiwango cha kazi ya ndani, ambacho usipokitaja huwa 6, na kama ndani ya fomula kuna mgawanyo unaokula vipeo, jibu linaweza kutoka na mpaka ulio chini ya ulivyotarajia. Hakuna anayekosea kati ya hao. Ni desturi tofauti, na njia ya uhakika ya kujua umefika wapi ni kusoma O iliyotoka, usitegemee namba uliyoingiza. Mtu anayehamisha kazi kutoka programu moja hadi nyingine na kunakili ile 6 kama ilivyo anapoteza kipande kimoja bila kujua, au anajikuta na kimoja cha ziada.

Ndani ya programu yenyewe kuna kazi nzuri sana, na inafaa kuijua kidogo. Shuleni tunafundishwa kanuni ya Brook Taylor ya mwaka 1715: tafuta derivativu (kasi ya kubadilika) ya kwanza, ya pili, ya tatu, weka sifuri mahali pa x, gawanya kwa faktoria. Kama maelezo ya kizigeu ni nini, haina mfano. Kama njia ya kufanyia kazi ni ya kukatisha tamaa. Jaribu derivativu ya kumi ya tan(sin x) uone fomula inavyovimba. Programu nzuri huuhifadhi mfululizo kama orodha fupi ya vizigeu, kisha huujumlisha, huuzidisha na kuugawanya kama tunavyofanya na namba. Newton aliliona hilo mwaka 1671, alipolinganisha mifululizo na namba za desimali: kama desimali inavyofanyiwa hesabu tarakimu kwa tarakimu, ndivyo na mfululizo unavyofanyiwa kipeo kwa kipeo.

Na njia iliyobeba jina lake ndiyo inayofanya ugawaji uwe wa haraka. Ukitaka 1/f, anza na kadirio g, kisha libadilishe kuwa g(2 − f·g). Kila mara unapofanya hivyo, idadi ya vizigeu sahihi inaongezeka maradufu. Chukua f = 1 − x − x². Anza na g = 1. Mzunguko wa kwanza unatoa 1 + x + x², ambayo ni sahihi kwa vizigeu viwili, kwa hiyo unabaki na 1 + x. Mzunguko wa pili: f·g ni 1 − 2x² − x³, ukitoa kwenye 2 unapata 1 + 2x² + x³, ukizidisha kwa 1 + x unapata 1 + x + 2x² + 3x³, halafu kipande cha x⁴ ambacho hakiaminiki bado. Vizigeu vinne sahihi: 1, 1, 2, 3. Zamu inayofuata inaleta 5, 8, 13, 21. Ni namba za Fibonacci, zimetoka kwenye mgawanyo mtupu. Malte Sieveking mwaka 1972 na H. T. Kung mwaka 1974 walionyesha jinsi hila hii inavyofanya kugawanya mifululizo kusiwe ghali sana kuliko kuizidisha. Angalia pia kwamba hata humu, katikati ya injini, kinachoongoza kila kitu ni kujua ni kizigeu gani kimeshaaminika na kipi bado. Ile x² ya mzunguko wa kwanza ilikatwa kwa sababu ilikuwa ya uongo: kizigeu chake cha kweli ni 2, si 1.

Kwa eˣ iliyobeba mfululizo mwingine kichwani, mambo ni mepesi pia. Kama E ni e kwa kipeo cha f, na f inaanza na sifuri, basi derivativu ya E ni derivativu ya f mara E. Linganisha vizigeu vya pande mbili na utapata kila kizigeu cha E kutokana na vilivyotangulia. Kuzidisha na kujumlisha basi.

Vizigeu vyenyewe vinastahili heshima. Panua x/(eˣ − 1) na utaona 1 − x/2 + x²/12 − x⁴/720 na kuendelea. Zidisha kila kizigeu kwa faktoria ya kipeo chake na una namba za Bernoulli. Ya kumi na mbili ni −691/2730, na tangu hapo zinazidi kuwa ngeni. Ada Lovelace alipoandika maelezo yake ya mwaka 1843 juu ya mashine ya kukokotoa ya Charles Babbage, ambayo haikuwahi kukamilika, hesabu aliyochagua kuipangia hatua ilikuwa ni hizi namba. Yaani kazi tunayoiomba programu leo kwa mstari mmoja ni ndugu wa karibu wa moja ya mipango ya kwanza kabisa ya kompyuta kuwahi kuchapishwa.

Kwa sababu hiyo naumia nikiona mtu anaingiza 0.1 mahali pa 1/10. Namba wiano inabaki kamili hadi mwisho. Desimali moja ikiingia, inaambukiza kila kizigeu inachokutana nacho, na kizigeu kilichopaswa kuwa sifuri kinatokea kama 10⁻¹⁷. Ukiwa unajumlisha, hilo si neno. Ukiwa unagawanya, ni janga, maana programu inatafuta kipande cha kwanza kisicho sifuri ili iweke mbele kipeo chake. Ikiona 10⁻¹⁷ inadhani ndicho, inagawanya kwa hicho, na unaletewa mfululizo ulioanzia kwenye kipeo kisichokuwepo, na vizigeu vikubwa kama milima.

Hata bila desimali, kujua kama kitu ni sifuri si jambo dogo. Angalia hii:

√(5 + 2√6) − √2 − √3

Ni sifuri. Zidisha √2 + √3 kwa yenyewe uone: 2 + 3 + 2√6. Lakini sura yake haisemi hivyo, na programu isiyojisumbua kurahisisha itaichukulia kama namba ya kawaida, c. Sasa iombe ipanue 1/(c + x). Ikiamini c si sifuri, itakuandikia 1/c − x/c² + x²/c³, fomula yenye sura nzuri ambayo ndani yake kuna kugawanya kwa sifuri. Jibu la kweli ni 1/x, kipande kimoja, kipeo cha −1. Hakuna programu itakayoepuka tatizo hili milele: Daniel Richardson alithibitisha mwaka 1968 kwamba kwa fomula za x zinazochanganya namba wiano, π, logi ya 2, kipeo cha e, sin na thamani isiyojali alama ya kutoa, hakuna utaratibu mmoja unaoweza kuamua kila mara kama fomula ni sifuri. Waandishi wa programu hizi wanafanya kazi ukingoni mwa jambo lisilowezekana, na wanafanikiwa mara nyingi ajabu. Sisi tunaweza kuwasaidia kwa kurahisisha mapema, na kwa kukitazama kizigeu cha kwanza kabla ya kuvisoma vingine.

Vilevile wasaidie kwa kuwaambia x ni namba ya aina gani. √(x² + x) − x, x ikikua bila kikomo upande wa chanya, ni 1/2 − 1/(8x) na kuendelea. Upande wa hasi, x² inatoka kwenye kipeuo ikiwa −x, na unapata −2x − 1/2, kitu tofauti kabisa. Tangaza kwamba alama yako ni chanya kama ni chanya. Usipotangaza, programu ama itachagua yenyewe ama itakuachia jibu limejaa masharti.

Mambo yanakuwa mazito zaidi pale vitu vidogo vinapokuwa vingi. Mtaalamu wa nyota Mfaransa Charles-Eugène Delaunay alitumia karibu miaka 20 kupanua mwendo wa Mwezi kwa mkono, akitumia kwa pamoja mchepuko wa njia ya Mwezi (kiasi isivyo duara kamili), mchepuko wa njia ya Dunia, mwinamo, na uwiano wa mwendo wa Jua na Mwezi. Vitabu vyake viwili vikubwa vilitoka mwaka 1860 na 1867. Mwaka 1970 André Deprit, Jacques Henrard na Arnold Rom waliirudia kazi hiyo kwa kompyuta. Iliwachukua kama saa 20, na makosa waliyomkuta nayo yalikuwa matatu tu, mawili yakiwa matokeo ya lile moja. Kila nikiikumbuka habari hiyo nashindwa kuamua ninachostaajabia zaidi, kompyuta au yule mtu. Lakini tazama aliloamua kabla hata hajaanza: kila kimoja cha vile vidogo alikipa daraja lake, na akaweka mpaka kwenye jumla ya madaraja. Ukiwa na x na y zote ndogo, programu haiwezi kukisia kama kwako y ni ndogo kama x, au ndogo kama x². Mwambie wewe: weka εx mahali pa x, weka ε²y mahali pa y, panua kwa ε peke yake, kisha mwisho weka ε = 1. O moja, kwa kitu kimoja, yenye maana uliyoichagua mwenyewe.

Hadi hapa nimeichukulia O kama mpaka wa kazi iliyofanyika. Kuna siku lazima uiondoe, kwa sababu unataka namba. Siku hiyo O haina la kukuambia tena, na inabidi uulize swali jipya kabisa: je, vipande vinatulia kwenye namba moja? Fanksheni 1/(1 + x²) ni laini kila mahali kwenye mstari wa namba halisi, haina mwinuko wa kutisha wala pengo. Mfululizo wake ni 1 − x² + x⁴ − x⁶ na kuendelea. Weka x = 0.5, jumlisha hadi x²⁰, na kosa ni kama 2 katika milioni kumi. Weka x = 1.2, jumlisha hadi x²⁰ hiyohiyo, unapata 23. Thamani ya kweli ni 0.41. Ongeza bidii, fika x⁴⁰, na sasa unapata karibu 868. Vipande zaidi, jibu baya zaidi, kwa sababu kwenye namba changamano, zile zinazoruhusu kipeuo cha −1, fanksheni hii inalipuka pale x² inapokuwa −1, umbali wa 1 kutoka sifuri, na mfululizo wote unafungiwa ndani ya duara hilo hata ukiwa huna habari na namba changamano. Hakuna O(x⁴²) itakayokuambia hivyo. Chora polinomia na fanksheni kwenye grafu moja kabla ya kuiamini. Ni dakika moja ya kazi.

Halafu kuna mifululizo isiyotulia popote na bado ina faida kubwa. Euler aliuchunguza huu:

1 − x + 2x² − 6x³ + 24x⁴ − …

vizigeu vyake ni faktoria. Kwa x yoyote isiyo sifuri unalipuka hatimaye. Lakini unatokana na integrali halali kabisa, ya e⁻ᵗ/(1 + xt) kutoka sifuri hadi bila kikomo, na kwa x = 0.1 integrali hiyo ni 0.91563. Vipande vinapungua hadi karibu na cha kumi, ambacho ni 3.6 × 10⁻⁴, kisha vinaanza kukua. Ukiishia hapo unapata tarakimu tatu nzuri. Ukiendelea hadi cha thelathini umeharibu kila kitu. Fomula ya Stirling ya faktoria iko hivi, na Freeman Dyson alitoa hoja mwaka 1952 kwamba mifululizo ya fizikia ya elektroni na mwanga iko hivi pia. Hapa inabidi uangalie ukubwa wa vipande vyenyewe. Kipande kidogo kuliko vyote ndicho kinachokuambia usimame.

Nimalizie na ukaguzi ninaoufanya karibu kila mara, kwa sababu haunihitaji kuiamini programu hata kidogo. Chukua mlinganyo wa Riccati, derivativu ya y ni x² + y², na y ianze kwenye sifuri. Joseph Liouville alionyesha mwaka 1841 kwamba jibu lake haliandikiki kwa fanksheni za kawaida, kwa hiyo mfululizo ndio unaobaki. Programu inakupa:

y = x³/3 + x⁷/63 + 2x¹¹/2079 + O(x¹⁵)

Hapa ondoa O kwa makusudi, ukijua unafanya nini. Irudishe polinomia hiyo kwenye mlinganyo: tafuta derivativu yake, toa x², toa y². x² zinafutana. Vipande vya x⁶ vinafutana, 1/9 kwa 1/9. Vya x¹⁰ vinafutana, 2/189 kwa 2/189. Kinachobaki kinaanzia kwenye x¹⁴, na ni −13x¹⁴/14553. Kingeanzia kwenye kipeo cha chini ya hapo, kungekuwa na kizigeu kibovu, na kipeo hicho kingekuelekeza moja kwa moja ni kipi. Kimeanzia pale pale O iliposema ujuzi unaishia, kipeo kimoja chini yake kwa sababu derivativu inashusha kipeo kimoja. Na hakijaja mikono mitupu: geuza alama yake, tafuta integrali ya 13x¹⁴/14553, yaani gawanya kizigeu kwa 15 na upandishe kipeo kimoja, na una 13x¹⁵/218295, ambacho ndicho kipande kinachofuata cha y.